Kurunzi ya Pete ya Funguo: Asili Yake na Hoja za Kuichagua

Katika vyombo ambavyo mtu wa zama hizi huvichukua mwilini kila siku, ni vichache vilivyo vidogo kama kurunzi inayoning'inia kwenye pete ya funguo, na ni vichache vinavyochaguliwa kwa uzembe kama huo. Mnunuzi ataupapasa mtumba wa kitambaa kwa nusu saa kabla ya kukata shauri la shati. Saa ya mkono ataigeuza mbele na nyuma. Lakini kurunzi ataichukua kwa sababu kisanduku chake kimeandikwa tarakimu kubwa kuliko kisanduku cha pembeni. Haja ya chombo chenyewe hailingani na uzembe huo. Usiku wa 25 Agosti 2023 umeme ulikatika karibu Kenya nzima, hata sehemu ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ikaingia gizani. Mtu aliye katikati ya ngazi za jumba la ghorofa saa kama ile hahitaji nuru nyingi. Ahitaji nuru kidogo, papo hapo, yenye kudumu hata afike chini na arudi juu. Baina ya nuru nyingi na nuru yenye kudumu pana mvutano wa zaidi ya miaka mia moja na ishirini, na asiyeijua habari ya mvutano huo hana kipimo cha kuchagulia.

Na tuanze na majina, maana mara nyingi jina huhifadhi habari ambayo wenye jina wamekwisha kuisahau. Lugha yetu ni tajiri wa majina ya taa. Kandili na fanusi tumezipata kwa Waarabu; kibatari na koroboi ni majina ya taa za bati na mafuta zilizomulika madarasa na majiko yetu kwa muda mrefu; mwenge ni wa kale kuliko zote. Chombo cha betri tunakiita kurunzi, au tochi, na hili la pili tumelichukua kwa Waingereza, ambao nao walilihamisha jina lao la mwenge wa moto wakalipa chombo kipya kisicho na moto. Wamarekani walikwenda njia nyingine. Jina walilokipa chombo hicho, na walitumialo hata leo, maana yake ni taa ya kumweka: taa itoayo nuru ghafula kisha ikatoweka. Kama tungalilifasiri neno lao kwa uaminifu, tungaliita kurunzi kimulimuli. Msemaji wa leo wa Chicago au Boston halifikirii jambo hilo, kama vile sisi tusivyofikiri asili ya neno tochi. Lakini waliolitunga hawakuwa wakipamba maneno. Walikuwa wakieleza ila ya bidhaa yao.

Ila hiyo ilitoka kwenye betri. Mwaka 1866 Mfaransa Georges Leclanché alitengeneza betri iliyotumia zinki, kaboni na maji ya chumvi ya amonia. Ilikuwa betri njema, lakini ilikuwa chupa ya maji; haikuweza kulazwa wala kutikiswa, sembuse kutiwa mfukoni. Mwaka 1886 Mjerumani Carl Gassner aliyachanganya maji yale na plasta yakawa uji mzito, akakifanya chombo cha zinki chenyewe kuwa ganda la betri. Hapo ikapatikana betri kavu, ambayo mtu aliweza kuishika juu chini isimwage kitu. Wanahistoria wa umeme hukipita kisa hiki mbio mbio ili wafike kwenye mitambo mikubwa na nyaya za miji. Kwangu mimi Gassner astahili heshima kubwa zaidi ya hiyo, kwani pasipo uji wake hapana nuru ya umeme ipatikanayo mbali na waya.

Mjini New York alikuwako mhamiaji aliyezaliwa Akiba Horowitz katika nchi ya Minsk, iliyokuwa wakati huo chini ya dola ya Urusi. Alifika Marekani mwaka 1891 akajiita Conrad Hubert, na mwaka 1898 akaanzisha kampuni ya vyombo vya umeme vya kupendezea watu. Mtu aliyeshirikiana naye, David Misell, alipata hataza ya tarehe 10 Januari 1899 kwa chombo ambacho ye yote kati yetu angekitambua mara moja: bomba la karatasi ngumu, betri kavu tatu zilizopangwa ndani yake moja nyuma ya nyingine, globu ndogo kwenye ncha, na kikombe cha shaba cha kurudisha nuru mbele. Baadhi ya kurunzi hizo walipewa askari polisi wa New York wazijaribu, nao wakazisifu. Umbo halijabadilika sana tangu siku hiyo.

Kilichobadilika ni muda wa nuru. Globu ya wakati ule ilikuwa na uzi wa kaboni, na uzi wa kaboni ni mlafi: huula umeme mwingi na kutoa nuru haba. Betri kavu za wakati ule nazo zilichoka upesi. Zilipotumiwa kwa mfululizo nguvu zilishuka, zikahitaji kupumzishwa. Kwa hiyo mwenye kurunzi alibonyeza, akatazama, akaachia. Hiyo ndiyo maana ya jina la Kimarekani. Haikuwa taa ya kutembea nayo; ilikuwa taa ya kuuliza swali moja gizani na kupata jibu moja.

Dawa ya ulafi huo ilikuwa tangsteni. Mwaka 1904 Sándor Just na Franjo Hanaman walipata hataza nchini Hungaria ya globu yenye uzi wa madini hayo, na baada ya miaka michache William Coolidge wa Marekani akavumbua namna ya kuyavuta madini hayo magumu yawe uzi usiovunjika kwa urahisi. Hapo kurunzi ikaanza kuwaka mfululizo, na kampuni ya Hubert, iliyovuma kwa jina la Ever Ready, ikaenea. Hubert alikufa mwaka 1928, akiacha sehemu kubwa ya mali yake itolewe sadaka. Jina la betri zake lilifika hata kwetu: Eveready walikuwa na kiwanda cha betri kavu mjini Nakuru, kampuni yao ya Kenya ikiwa imeundwa mwaka 1967, na paka wao mweusi anayeruka katikati ya tarakimu 9 alijulikana katika maduka ya vijijini kuliko nembo nyingi za serikali. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka 2014. Betri kubwa za kurunzi kubwa hazikuwa tena na wanunuzi wa kutosha, na za kutoka nje ziliuzwa rahisi. Waliopunguza haja ya betri hizo kubwa walikuwa wametoka Japani, nasi tutawafikia baada ya aya moja.

Kabla yao, kurunzi ndogo ya funguo ilijaribiwa kwa globu ya uzi. Mfano mwema ni Solitaire, iliyotolewa mwaka 1988 na kampuni ya Marekani itengenezayo Maglite. Ilitumia betri moja tu nyembamba ya AAA, bomba lake lilikuwa la alumini iliyokerezwa vizuri, na watu waliipenda. Hata hivyo nuru yake ilikuwa kama lumeni 2 tu. Mshumaa mmoja, kwa kulinganisha, hutoa kama lumeni 12, ingawa huzitawanya pande zote. Uzi wa globu hugeuza sehemu kubwa ya umeme kuwa joto, na betri inapoanza kuchoka nuru hugeuka manjano, kisha nyekundu, kisha kumbukumbu. Zaidi ya hayo funguo huanguka, na uzi uliokwisha kupata moto haupendi kuanguka.

Sasa twafika kwenye diodi itoayo nuru. Mwaka 1907 Mwingereza H. J. Round aliona kipande cha madini ya kaborandamu kikitoa nuru hafifu kilipopitishwa umeme; mwaka 1927 Mrusi Oleg Losev aliandika juu ya nuru ya namna hiyo kwa makini zaidi; na mwaka 1962 Nick Holonyak, akifanya kazi katika kampuni ya General Electric, alitengeneza diodi ya nuru nyekundu ionekanayo kwa macho. Kwa muda wa miaka thelathini diodi zilikuwa taa za alama tu, nukta nyekundu au ya kijani ya kuonyesha kwamba mashine imewashwa. Nyeupe haikuwezekana bila buluu, na buluu ilikataa. Wajapani watatu ndio walioilazimisha ikubali: Isamu Akasaki na Hiroshi Amano katika chuo kikuu cha Nagoya, na Shuji Nakamura katika kampuni ya Nichia, mkoani Tokushima. Diodi ya buluu yenye nguvu ya kutosha ilitangazwa na Nichia mwaka 1993. Mwaka 1996 kampuni hiyo iliifunika diodi ya buluu kwa unga unaogeuza sehemu ya nuru yake kuwa manjano, na buluu na manjano zikichanganyika jicho huona nyeupe. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Ni jambo la kufurahisha kwamba nyeupe ya tochi zetu si nyeupe kamili bali ni mapatano ya rangi mbili. Ndiyo sababu chini ya diodi za bei rahisi nyama hufanana na udongo, na waya mwekundu hautofautiani vema na wa kahawia.

Diodi haina uzi wa kukatika, na ni ndogo kuliko punje ya mtama. Kampuni moja ya Oregon iliitumia katika kitaa kiitwacho Photon Micro-Light, ambacho katika miaka ya 1990 kilikuja kwa rangi moja moja na baadaye kwa nyeupe. Ndani yake mlikuwa na betri mbili bapa za lithiamu, kila moja ya volti 3, na diodi iliyobanwa miguu yake juu yake, basi. Hata kipunguza umeme hakikuwamo, kwa maana betri zenyewe ni dhaifu kiasi cha kutoweza kuiunguza diodi. Chombo kinachosimama juu ya udhaifu wa sehemu zake! Nimetafuta chombo kingine cha akili kama hiyo, na sijakiona. Walioitaka betri ya AAA walikuwa na tatizo jingine: betri hiyo ina volti 1.5, na diodi nyeupe haiwaki vema chini ya volti 3. Ilibidi kuwekwa mtambo mdogo wa kupandisha volti, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ndogo ya Arc, ya Arizona, ilionyesha kwamba mtambo huo waweza kukaa katika kichwa cha kurunzi isiyozidi kidole. Kurunzi nyingi za funguo za betri moja zilizofuata zimepita njia hiyo.

Hapo ndipo ulipoanza ugomvi wa tarakimu. Kila mtengenezaji alitangaza nguvu kwa kipimo alichopenda mwenyewe, na mnunuzi hakuwa na mizani. Karibu na mwaka 2009 watafiti waliozichunguza tochi za diodi za bei ya chini zilizouzwa Kenya walikuta kwamba wengi wa wanunuzi walipata hitilafu katika muda wa miezi michache tu. Na wanunuzi hao walikuwa watu waliotaka kuiacha koroboi. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini katika biashara hii vyote viwili vilijitembeza kwa sauti moja.

Mwaka huo huo wa 2009 watengenezaji wa Marekani walikubaliana juu ya kanuni moja ya kupimia, iitwayo FL 1. Yafaa msomaji aielewe kuliko anavyoelewa jina la kampuni, maana visanduku vingi vya kurunzi za heshima leo vimechapwa alama zake. Nuru yote hupimwa kwa lumeni baada ya taa kuwaka sekunde 30 na kabla ya dakika 2 kwisha. Umbali ni mahali ambapo nuru imebaki robo ya lakisi, yaani karibu sawa na mbalamwezi ya usiku mweupe. Muda ni saa zinazopita tangu sekunde ya 30 hata nuru ishuke kufikia sehemu moja ya kumi ya ilivyokuwa mwanzo.

Kanuni hii ni ya haki, na ilikomesha uwongo mwingi. Hata hivyo, tazama mlango ilioacha wazi. Kurunzi iliyoandikwa lumeni 100 kwa saa moja yaruhusiwa kumaliza saa hiyo ikiwa na lumeni 10. Tena, kwa kuwa kipimo cha lumeni hufungwa baada ya dakika 2, mtengenezaji aweza kuupanga mtambo wake utoe nuru kali kwa dakika mbili au tatu, kisha ushuke kimya kimya hata nusu au robo. Sisemi kwamba wote wafanyao hivyo ni wadanganyifu. Mwili mdogo wa kurunzi ya funguo hauwezi kuliondoa joto la nuru kali kwa muda mrefu, na kushuka huko huiokoa diodi na vidole vya mwenyewe. Lakini matokeo yake ni ya ajabu kwa mtu wa historia. Kurunzi ya 1899 ilimweka kwa sababu haikuweza kufanya vinginevyo. Ya leo yaweza kuwaka usiku kucha, nayo yafanywa imweke, kwa kuwa tarakimu kubwa ndiyo iuzayo. Jina la kale la Kimarekani limerudia kuwa kweli.

Basi anayetaka kuchagua afanye hesabu, nayo si ngumu. Betri ya AAA ya alkali ikitumiwa taratibu ina akiba ya karibu wati-saa 1.5. Toa hasara ya mtambo, zibaki kama 1.2. Diodi ya siku hizi hutoa karibu lumeni 100 kwa wati moja. Kwa hiyo akiba hiyo ni kama lumeni 120 kwa saa moja, na mwenye kurunzi azigawe apendavyo. Akizitumia 60 kwa mara moja, hazifiki saa mbili, na kwa kweli hupungua zaidi ya hapo, maana betri ya alkali haipendi kukamuliwa kwa haraka. Akizitumia 6, apata kama saa 20. Na jicho halihesabu kama mashine: mara kumi ya lumeni huonekana kama mara tatu hivi ya mwanga, wala si kumi. Kumbe mtu aliyechagua 60 badala ya 6 ametoa saa kumi na nane ili aone mara tatu. Lumeni 6 zilizoelekezwa mbele zatosha ngazi, tundu la kufuli, namba ya nyumba, na sura ya mtu aliyesimama mlangoni. Kwa hiyo kurunzi njema ya funguo ni ile iwakayo kwanza kwa nuru ya chini, na kuomba kubonyezwa au kuzungushwa tena ndipo ipande juu. Nyingi hufanya kinyume, nami huziacha dukani.

Kurunzi ndogo za kuchajiwa zimepata wapenzi wengi, na nyingine ni nzuri kwa mkono na kwa macho. Lakini betri iliyofungwa ndani yake pengine haifiki miliampia-saa 100, ambayo ni karibu robo ya akiba ya AAA moja, na ikisha gizani hakuna duka liuzalo mbadala wake. Yangoja waya na umeme, yaani kile kile kilichokosekana. Inamfaa mtu mwenye desturi ya kuichaji kila juma, na watu wa desturi hiyo si wengi. Mwenye AAA naye ana wajibu wake, kwani betri ya alkali iliyosahauliwa huvuja magadi makali yakala shaba na mtambo pamoja. Betri ya AAA ya lithiamu, isiyochajiwa, ni ghali zaidi, lakini ni nyepesi na huvumilia miaka mingi ya kungoja. Kwa chombo ambacho kazi yake kubwa ni kungoja, gharama hiyo naiona ndogo. Juu ya swichi nitasema neno moja tu: kichwa cha kuzungusha hakiwaki chenyewe mfukoni kwa urahisi, na kitufe laini huwaka.

Atatokea wa kusema kwamba simu imekwisha kuimaliza habari hii. Hoja yake ina uzito. Nokia 1100, iliyotolewa mwaka 2003 ikiwa na tochi kwenye paji lake, iliuzwa zaidi ya milioni 250 ulimwenguni, na katika Afrika Mashariki tochi hiyo ilikuwa sababu tosha ya kuinunua. Lakini simu ile ilikaa siku nyingi kwa chaji moja. Simu za leo humaliza chaji jioni, na usiku wa giza la mji mzima simu ndiyo itafutayo ndugu, ndiyo ilipiayo gari, ndiyo ileteayo habari. Kuifanya iwe taa pia ni kuchoma mlango ili kupasha maji.

Limebaki jambo moja, nalo halihusu nuru. Vile vitaa vya betri bapa, warithi wa kile cha Oregon, ndivyo vya bei rahisi kuliko vyote. Hutolewa bure kwenye maonyesho ya biashara, nasi huwapa watoto wachezee. Betri bapa ya lithiamu ikimezwa na kukwama katika umio huanza kuuchoma kwa umeme wake, na saa mbili zatosha kuleta jeraha la kuua. Mwaka 2022 Marekani ilipitisha sheria ya kuwalazimisha watengenezaji wafunge vyumba vya betri hizo kwa namna ambayo mtoto mdogo hawezi kufungua, mathalan kwa skrubu au kwa miondoko miwili ya mkono kwa pamoja. Vitaa vilivyotengenezwa kabla ya hapo, na vinavyouzwa mahali pasipo na sheria hiyo, vyaweza kufunguka kwa ukucha. Basi kabla ya kukitia kwenye pete ya funguo kitaa cha namna hiyo, hasa katika nyumba yenye mtoto anayetambaa, kigeuze upande wa nyuma uitafute skrubu.